Sisi Tuliomwonjea Mzee Ogata

Wajukuu zangu hapa Mirdif wananicheka. Kila wakileta rafiki nyumbani lazima wamwambie, "Bibi yetu alikuwa anakanyaga chakula kwa miguu, na watu wanakula!" Rafiki ananitazama miguu, anatazama sahani ya maandazi niliyomwekea mbele yake, halafu anasema ahsante, ameshiba. Basi nimeona bora niieleze kazi hiyo mwenyewe, na hasa niwaeleze nyinyi vijana mnaofika Dubai na kuingizwa majikoni ya watu mkiwa hamjui hata jina la kile mnachokipika. Mimi niliingia hivyo hivyo.

Kwetu ni Jambiani, Unguja. Nilikuja huku kumfuata mume wangu aliyekuwa dereva, na alipofariki nikahamia kwa wifi yangu Discovery Gardens na binti yangu, nikatafuta kazi. Nikaipata Oud Metha, kwenye mkahawa mdogo nyuma ya jengo la kliniki. Mwenyewe alikuwa Mjapani, Mzee Ogata. Mfupi, nywele nyeupe, na Kiingereza chake kilichanganyika na Kiarabu cha mtaani. Akikasirika alisema "khalas", akifurahi alisema "yalla", na siku nyingine alibadilisha.

Siku ya kwanza aliniambia, "Vua viatu."

Nikavua. Nikadhani jikoni kwao wanaingia kama tunavyoingia msikitini. Akanipa soksi nyeupe mpya, akaweka sakafuni donge la unga wa ngano ndani ya mfuko mzito wa plastiki, akalifunika kwa mkeka safi.

"Panda."

"Nipande wapi, sir?"

"Juu ya unga."

"Sir, hiki si chakula?"

"Ndiyo chakula. Kwa hiyo usirukeruke."

Nikasema astaghfirullah kimoyomoyo, nikapanda. Mama yangu angeniona angenichapa, na utu uzima wangu ule.

Lakini sikilizeni, kuna sababu. Chakula chenyewe kinaitwa udon, tambi nene nyeupe za ngano. Mzee Ogata alitoka mkoa wa Kagawa, mdogo kuliko mikoa yote ya Japani, na watu wa huko wanajulikana nchi nzima kwa tambi hizi. Unga wake unakandwa mgumu, maji kidogo na chumvi, mikono peke yake inachoka kabla unga haujakubali. Mguu haujui kuchoka, umebeba mwili maisha yote. Unaanza katikati kwa kisigino, unazunguka polepole mpaka pembeni, unashuka, unakunja, unapanda tena. Vidole usitumie, vidole vinachimba mashimo. Utajua umeiva pale unapokanyaga nao unakusukuma juu kidogo, kama godoro jipya. Baada ya hapo unauacha upumzike. Hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa haraka. Mzee alikuwa akiufunika kwa kitambaa na kuupigapiga kama mtoto anayelazwa.

Nilimuuliza siku moja kwa nini kwao wakaegemea ngano, na Wajapani tunasikia wanakula wali.

"Kwetu mvua haipendi kuja," akasema. "Milima inaizuia. Mababu walichimba mabwawa kila mahali kukinga maji kidogo yanayoanguka. Ngano inavumilia." Akatazama dirishani, barabara inawaka jua. "Ndiyo maana hapa sikupaona pageni sana."

Mchuzi wake ndio ulionifanya nibaki. Asubuhi ya pili nilifungua gunia la karatasi, harufu ikanipiga nikajikuta niko pwani kwetu. Vidagaa vikavu! Wao wanaviita iriko, wanavichemsha na kuvianika kama sisi, halafu wanavitolea mchuzi. Na pembeni kulikuwa na mwani mkavu. Mama yangu alilima mwani miaka mingi, akauza kwa wanunuzi, na hakuwahi kuula hata kidogo. Mimi nimekuja kuula Oud Metha.

Dagaa wa mchuzi hutolewa vichwa na matumbo, mmoja mmoja, la sivyo mchuzi unakuwa mchungu. Unawakaanga kidogo kwenye kikaango kikavu, unawaloweka na mwani, kisha moto mdogo. Mwani unautoa kabla maji hayajachemka. Usifunike sufuria, ukifunika, ile harufu ya shombo haina pa kutokea. Mikahawa mingine wanatia pombe ya mchele katika sosi. Mzee Ogata aliiacha siku alipofungua, kwa sababu wateja wengi wa mtaa ule ni Waislamu na yeye alitaka kila anayeingia ale bila kuuliza. Alitia sukari na subira, akiichemsha sosi ya soya taratibu mpaka ukali wake ukalala.

Kulikuwa na mambo ambayo kwao hayapo, ilibidi tuyagundue hapa. Tambi zikitoka kwenye maji ya moto lazima zioshwe kwa maji ya baridi, uzisugue kwa viganja mpaka ute uishe. Sasa nyinyi mnajua bomba la Dubai mwezi wa saba: unafungua la baridi linakuchoma, maana matangi yako juani. Mzee alihangaika na barafu kiangazi kizima. Mimi nikamwambia anachofanya kila mpangaji wa Discovery Gardens: zima hita, maji yaliyokaa ndani ya hita yanapoa kwa kiyoyozi, halafu uyafungue kama ndiyo ya baridi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Chumvi nayo ilimtesa. Kwao wanatia nyingi wakati wa joto na kidogo wakati wa baridi, na kila nyumba inajua vipimo vyake. Lakini hapa nje ni jehanamu na ndani ni friji, je, unga utiwe chumvi ya msimu gani? Tukajifunza kuweka kiganja juu ya meza ya kazi kila asubuhi. Chumvi ilifuata meza, kalenda tukaiacha ukutani. Siku moja fundi wa kiyoyozi aliacha kimewekwa baridi ya mwisho, unga ukawa mgumu kama tairi. Sanyu alipanda akarushwa pembeni.

"Mama, huu unga iko na hasira!" akapiga kelele.

Sanyu ndiye mwenzangu. Mganda wa Masaka, Mkristo, mwembamba, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani hapa hapa Mirdif kabla ya kuja kwetu kuhudumia wateja na kusaidia jikoni. Alikanyaga unga huku akiimba nyimbo za kanisani, na mimi nilikanyaga nikimsalia Mtume, na Mzee alisema unga wetu una baraka za pande zote.

Alitufundisha mengi ya kwao zaidi ya tambi. Mwaka mpya alituonjesha supu nyeupe ya maharage yaliyochachushwa, na ndani yake donge laini la mchele lililojazwa maharage ya sukari. Sanyu aliuma, akanigeukia. "Mama, mtu ametumbukiza andazi kwenye supu." Mzee akasema hata Wajapani wa mikoa mingine wanawacheka kwa hilo, na yeye bila supu ile hajioni kama ameingia mwaka. Alikuwa na vibao vya mti vilivyochongwa maua na samaki, vya kushindilia sukari laini ya kwao iwe vipande vya kulia na chai. Ukiweka kimoja ulimini kinayeyuka kabla hujafunga mdomo. Na ukutani alitundika vipepeo vya mkono vya mianzi na karatasi, kazi ya mji mmoja wa mkoa huo. Watu wakidhani ni pambo, yeye anakichukua kimoja anajipepea.

Basi, sasa nifike kwenye lililonitoa jasho.

Mwaka mmoja Mzee Ogata aliugua homa kali. Akalala nyumbani wiki kadhaa, sisi tukaendesha mkahawa. Aliporudi alikuwa amekonda lakini mchangamfu, akashika kikaango chake. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, mgongo nimempa. Nikasikia harufu ya dagaa wanaungua. Nikageuka. Mzee amesimama palepale juu ya kikaango, moshi unapanda usoni mwake, anatikisa taratibu.

"Bado kidogo," akasema.

Sanyu alikuwa mlangoni na trei. Tukatazamana. Nikasogea, nikasema, "Mzee, nipe mimi, wewe kapumzike." Akanipa. Akaangalia ndani ya kikaango, akaona weusi, uso wake ukabadilika. Akaenda kunawa mikono muda mrefu.

Jioni Sanyu akaninong'oneza kituo cha basi, "Mama Rukia, huyu mzee hasikii harufu."

"Najua."

"Na mchuzi wa mchana iko chumvi mingi sana. Hasikii ladha pia."

"Najua, Sanyu."

"Tumwambie?"

Ungemwambiaje? Mtu ametoka kwao mbali kabisa na kitu kimoja tu, ulimi wake. Na yeye ndiye kafeel wetu, viza zetu ziko kwake. Mkahawa ukifungwa, mimi na binti yangu tunarudi wapi, na Sanyu ana wadogo zake shuleni Masaka. Lakini naapa, siku ile sikuwaza viza kwanza. Niliwaza aibu ya uso wake alipoona weusi ule.

Kwa hiyo hatukusema. Tukafanya hivi: kila asubuhi nilichota mchuzi kwenye kibakuli, nikaonja, nikasema kwa sauti kama mtu asiyejiamini, "Mzee, leo naona sosi imezidi, au ni ulimi wangu?"

Naye alikuwa anachota, anaonja, anatulia kama anafikiri. "Ulimi wako uko sawa, Rukia-san. Ongeza maji."

Sanyu naye akipita, "Mama, dagaa wa leo wamenukia vizuri," kumbe anamwambia yeye kwamba wakati wa kuwatoa umefika. Tukaenda hivyo mwezi baada ya mwezi. Wateja hawakujua. Sisi wawili tukawa pua na ulimi, na yeye akawa mikono na akili. Ila tambi zilibaki zake, maana hizo alizisikia kwa vidole.

Sasa, mlangoni kwetu palining'inia pazia fupi la buluu nzito, lenye jina la duka kwa maandishi meupe. Kwao lile pazia ndilo heshima ya duka. Jina lilikuwa la baba yao, na duka lenyewe la Kagawa alilirithi dada yake mkubwa, Bi Fumiko. Ndiye aliyemruhusu Mzee kulitumia jina huku, kwa sharti moja: mchuzi ukibadilika, pazia linarudi nyumbani.

Asubuhi moja Mzee akaweka simu mezani, akasema, "Dada yangu anakuja."

"Kutembea?" nikauliza.

"Kula."

Wiki ile hatukulala vizuri. Sanyu akaniuliza akikatakata majani ya vitunguu mpaka yakawa uji, "Akichukua pazia, mimi nirudi kwa madam wangu wa zamani? Atanikubali?" Mzee alikuwa anafuta meza zilizokwisha kufutwa.

Bi Fumiko alifika saa za asubuhi, kabla wateja hawajaanza. Nilimtarajia mtu wa kutisha. Akaingia mama mdogo mwenye kofia ya jua na mkoba mgongoni kama mtoto wa shule, akainama, nasi tukainama, akainama tena, Sanyu akainama mpaka akagonga kaunta. Akakaa. Mzee alikata tambi mwenyewe. Mchuzi ulikuwa wangu. Nilionja mara nyingi hata ulimi ukafa ganzi, nikaishia kumuomba Mungu.

Akala. Akainua bakuli kwa mikono miwili akanywa mchuzi, akaliweka chini. Akasema maneno machache kwa Kijapani. Mzee akawa mweupe.

"Amesema nini?" nikauliza.

Akatutafsiria bila kututazama. "Anasema huu si mchuzi wangu. Anauliza nani ameupika."

Sanyu akanishika kiwiko. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, sir alikuwa na shughuli, nitunge lolote. Mzee akainua mkono kunizuia. Akavuta kiti, akakaa mbele ya dada yake, akaongea. Aliongea kwa utaratibu, kichwa ameinamisha. Sikuelewa neno hata moja, na nilielewa yote, kwa sababu katikati alijigusa pua.

Alipomaliza akatugeukia. "Nimemwambia."

"Umemwambia nini, Mzee?"

"Kile mnachokijua nyinyi wawili tangu siku ya kikaango."

Jamani! Alijua kuwa tunajua! Muda wote ule sisi tunaigiza, na yeye anaigiza, na kila mtu anamwonea mwenzake huruma. Nikakaa kwenye kiti cha wateja bila ruhusa.

Bi Fumiko alikuwa analia. Nikasema khalas, imekwisha, pazia linaondoka. Lakini akampiga mdogo wake begani, kofi kweli, akaongea haraka haraka. Mzee akatafsiri kwa kukatakata: "Anasema… simu zangu zimekuwa fupi. Sisemi nakula nini, sisemi napika nini. Anasema alidhani naumwa ugonjwa wa kufa. Hakuja kula. Alikuja kuniaga."

"Na mchuzi?" Sanyu akauliza, maana yeye moyo wake ulikuwa bado mlangoni.

Mzee akauliza. Dada akajibu, huku anajifuta macho, na mara Mzee akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka.

"Anasema alijua si wangu kwa sababu mimi tangu ujana nazidisha sosi ya soya. Baba alinikaripia kila siku. Huu hauna lile kosa langu."

Hapo tulicheka sote, kicheko kile cha mtu aliyeponea chupuchupu, hata hujui kama unacheka au unalia. Halafu Bi Fumiko akashusha macho na kusema jambo kwa sauti ndogo. Mzee akaruka kitini.

"Mashine?!" akasema kwa Kiingereza.

Kumbe naye alikuwa na lake. Magoti yalimshinda. Duka la baba yao sasa wanakanda unga kwa mashine, hawakanyagi tena, na aliogopa kumwambia mdogo wake. Maduka mengi kule yamefanya hivyo, akasema, na tambi si mbaya. Lakini alisafiri na siri hiyo, akiomba asiulizwe. Basi wazee wawili hawa, kila mmoja anamwogopa mwenzake, kila mmoja amekaa upande wake wa dunia na aibu ambayo hakuna aliyekuwa anaidai.

Alasiri ile Bi Fumiko alivua soksi zake, akavaa za jikoni, akanishika bega akapanda unga wetu. Hakukaa sana juu yake kwa ajili ya magoti. Alifumba macho.

Kesho yake tulifika, mimi na Sanyu, tukakuta mlango mtupu. Pazia halipo. Sanyu alisimama barabarani, akasema taratibu, "Mama, amebadilisha mawazo." Tukaingia kwa kunyata. Nyuma jikoni tukamkuta Bi Fumiko anapiga pasi. Amelifua, linatoa mvuke. Akaonyesha ndoo, maji ya rangi ya chai, akamwambia Mzee, naye akatuambia: "Anasema hili vumbi la hapa ni aibu, na anauliza kwa nini hamjawahi kulifua." Tukapiga vigelegele. Mlinzi wa jengo alikuja kuuliza kama kuna harusi.

Kabla hajaondoka alimkokota mdogo wake mpaka kliniki ya jirani, kama mtoto. Daktari akamfundisha kunusa vitu vyenye harufu kali kila siku, asubuhi na jioni, kwa subira. Nikamletea karafuu za kwetu kwenye chupa. Na cha kwanza kurudi, wanangu, kilikuwa karafuu. Harufu haikurudi yote, mpaka leo haijarudi yote, lakini hakujificha tena. Anachota, anatugeukia mbele ya wateja, anauliza waziwazi, "Nambieni." Nasi tunamwambia. Mambo yakanyooka, na yeye akanenepa.

Mtaniuliza niwaachie nini. Sijui kama ninalo la maana kuliko haya: toeni vichwa vya dagaa, acheni unga upumzike, na mtu mliye naye jikoni akipungukiwa na kitu, msogeleeni karibu. Akiweza mwenyewe kulisema, atalisema.

Nilistaafu mwaka jana, magoti yangu nayo yamefuata ya Bi Fumiko. Binti yangu aliyekuwa akinisubiri Discovery Gardens sasa ndiye mwenye nyumba hii ninayokaa. Jiko ameshika Sanyu. Siku yangu ya mwisho alinikatalia kuingia nyuma, akanikalisha mezani na Mzee Ogata, akatuletea mabakuli mawili. Akasimama mbele yangu, mikono kwenye aproni, ananitazama mdomo.

Nilikula mpaka nikaona chini ya bakuli.

"Mama," akasema, "chumvi vipi?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa nakula."